Kuta Zisizo na Chokaa: Nyumba za Mteremkoni Engaruka

Msomaji wa pwani akitajiwa majengo ya kale, fikira zake huenda Kilwa, Gedi na Songo Mnara, kwenye kuta za matumbawe zilizoungwa kwa chokaa. Hana kosa. Lakini wakati miji ya pwani ingali ikichoma chokaa, bara walikuwapo mafundi waliopanga mawe makavu, jiwe juu ya jiwe, bila kiungo chochote. Kazi yao ipo Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya genge la Bonde la Ufa, kusini ya mlima Ol Doinyo Lengai.

Wakazi wake, walioishi hapo takriban kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, walikuwa wakulima. Mvua ya mahali hapo ni haba, mto ni neema. Wakachimba mifereji, wakanywesha mashamba ya kiasi cha hekta 2,000 yaliyogawanywa kwa safu za mawe. Ardhi ya tambarare iliyofikiwa na maji ilikuwa ya mtama. Binadamu akapanda mteremkoni. Ndipo vilipojengwa vijiji saba, nyumba juu ya nyumba kama ngazi.

Kujenga ubavuni mwa mlima kuna sheria yake. Fundi hukata udongo upande wa juu na kuumwaga upande wa chini, apate kiwanja sawa. Udongo huo uliomwagwa hauna uaminifu; mvua ya kwanza huuchukua, na nyumba pamoja nao. Kwa hiyo ukuta wa kuuzuia hutangulia nyumba. Adui wake mkubwa si udongo bali ni maji, kwani udongo uliolowa ni mzito, na maji yaliyokosa njia husukuma ukuta mpaka upasuke. Mwashi anayetumia chokaa au saruji hulazimika kuacha matundu. Ukuta wa mawe makavu wote ni matundu: maji hupenya, udongo hubaki.

Miti na nyasi za nyumba zenyewe zimeoza zamani. Vilivyobaki ni viwanja na kuta zake, na kwa hivyo ndivyo watu wa Engaruka walivyohesabiwa. Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikisia kuwa walizidi 30,000. Waliomfuata, akiwamo John Sutton, waliipunguza sana hesabu hiyo, maana si kila kiwanja kilikaliwa kwa wakati mmoja.

Hesabu ya watu ilikuwa jambo dogo kuliko swali la wao ni nani. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford alieneza dhana ya ustaarabu wa Azania, akiyahusisha magofu ya mawe ya bara na taifa lililotoweka. Engaruka nayo ikaja kuingizwa humo, kana kwamba wenyeji hawakuweza kupanga mawe. Hamo Sassoon, ambaye baadaye alisimamia makumbusho ya Ngome ya Yesu, Mombasa, alichimba Engaruka mwaka 1964 na 1966. Kisha Sutton akaeleza kwa kina ukulima wake wa mifereji. Taifa la ajabu halikuonekana. Walionekana wakulima wa Kiafrika, ambao maisha yao yanafanana na ya Wasonjo na Wairaqw wa leo.

Pwani yaijua dhuluma hiyo. Misikiti na majumba yake yalihesabiwa kuwa kazi ya wageni, mpaka uchimbaji wa Mark Horton kule Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulipoonyesha msikiti wa mawe umesimama juu ya misikiti ya awali ya miti. Mji ulikua kutoka kwa wenyeji wake. Anayedai haki hiyo kwa Shanga hana budi kuidai kwa Engaruka pia, ingawa haina mihrabu wala nakshi ya kumvutia mgeni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta mkavu hutaka mkono wa kulirudisha jiwe kila linapoanguka. Engaruka mkono huo uliondoka katika karne ya 18. Wataalamu hutaja kupungua kwa maji, kuchoka kwa ardhi na kuingia kwa wafugaji. Hata hivyo sehemu kubwa ya kuta zile zingali zimeshika udongo wake, na juu ya udongo huo hakuna nyumba.