Windows na Linux ndani ya laptopu moja: jinsi ya kuziweka na kugawana mafaili

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila nikikaa kafe naulizwa swali lilelile: laptopu yangu haikubali Windows 11, nifanyeje? Ni kweli, Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Laptopu nyingi za mtumba hazimo. Wapo wanaosema tupa Windows, weka Linux. Mimi nasema usitupe kitu, weka zote mbili. Windows ibaki kwa zile programu ambazo Linux haina, na Linux iwe ya kuingilia intaneti maana yenyewe bado inapata viraka vya usalama.

Kwa wageni: Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi kule Finland. Ubuntu, ambayo ndiyo maarufu, ilitoka 2004, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kaka zetu wa kafe wanakumbuka zile CD zake zilizokuwa zinatumwa bure kwa posta mpaka mwaka 2011. Siku hizi unashusha mwenyewe. Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, kwa hiyo mwenye kifurushi kidogo achukue Linux Mint ya Xfce, ina kama GB 3 na haisumbui mashine yenye RAM ya GB 4.

Halafu hapo kafe kuna mtego. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Mtu anashusha Ubuntu masaa mawili, akitaka kuinakili kwenye flashi anaambiwa faili ni kubwa mno, wakati flashi ina GB 32 tupu! Si flashi mbovu. Ifomati kwa exFAT kabla hujaanza. Ukifika nyumbani, tumia programu ya Rufus kuichoma hiyo ISO kwenye flashi nyingine, na ujue flashi hiyo itafutwa yote.

Sasa tuongee la maana kabla hujagusa kitu: nakala ya akiba. Jirani yangu anaishi kwa kuchapa barua, CV na kadi za michango. Fundi mmoja alimwekea Linux, akabonyeza pale palipoandikwa "Erase disk and install". Kazi za wateja za miaka minne zikaenda, pamoja na picha za marehemu mama yake. Fundi hakuiba wala hakuvunja kitu, alibonyeza tu sehemu isiyo yake. Kwa hiyo nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta NYINGINE uone kama kweli yanafunguka. Bila hivyo usiendelee kusoma.

Umeshanakili? Haya. Ndani ya Windows kuna mambo mawili ya kuzima.

La kwanza ni Fast Startup, iliyoletwa na Windows 8 mwaka 2012. Hii ndiyo inaleta kesi nyingi kuliko zote. Ukibonyeza "Shut down" unadhani mashine imezima, kumbe Windows imelala. Imehifadhi sehemu ya kumbukumbu yake kwenye diski ili kesho iamke haraka, na inahesabu kwamba diski haitaguswa mpaka irudi. Linux ikija ikakuta hali hiyo, itakataa kufungua au itakuruhusu kusoma tu bila kuandika. Watu wanakasirika, wanailazimisha, mafaili yanaharibika. Fungua Command Prompt kama administrata, andika powercfg /h off, basi. Faida ya ziada, unarudishiwa GB kadhaa za lile faili la kulalia.

La pili ni BitLocker. Andika manage-bde -status uone kama diski imefungwa. Kama imefungwa, izime na usubiri imalize kufungua. Na kabla ya hapo tafuta ufunguo wa tarakimu 48, uandike kwenye karatasi. Karatasi, siyo kwenye laptopu hiyohiyo jamani.

Kisha kata nafasi. Fungua diskmgmt.msc, chagua C, "Shrink Volume". Tumia chombo hiki cha Windows chenyewe, maana ndicho kinachojua mafaili yake yamekaa wapi. Kwa diski ya GB 500 mimi naacha Windows na GB 150, Linux GB 60, na zote zilizobaki nafanya patisheni ya tatu ninayoiita MIZIGO. Hiyo MIZIGO itengeneze ukiwa bado Windows.

Kuinstoli kwenyewe sitakaa sana, kurasa zinajieleza. Washa laptopu kwa flashi (F12, F9 au Esc, inategemea kampuni), jaribu kwanza bila kuinstoli uone kama wifi na sauti vinafanya kazi, ndipo uchague "Install alongside" au ukabidhi ile nafasi tupu kwa mkono wako. Ukimaliza, kila ukiwasha utaona menyu ya GRUB inakuuliza unaingia wapi.

Tuje kwenye kugawana mafaili, ambako watu wengi wanakwama. Windows inatumia mpangilio wa NTFS, Linux inatumia ext4. Windows ya kawaida haioni ext4, na ikikuuliza kama uifomati jibu ni HAPANA. Linux yenyewe inasoma na kuandika NTFS vizuri tangu programu ya NTFS-3G ilipokomaa 2007. Kwa hiyo daraja lazima liwe upande ambao wote wanaelewa.

Wengi wanashauri exFAT kwa MIZIGO. Mimi nabisha. exFAT haina daftari la kumbukumbu za kuandika, na kwa hizi betri zetu zilizokufa, umeme ukikatika katikati ya kazi ndiyo basi tena. NTFS inalo daftari hilo, na ikiumia unaingia Windows unaitengeneza kwa chkdsk. exFAT iwe ya flashi.

Ili MIZIGO ifunguke yenyewe kila ukiwasha Linux, andika sudo mkdir /mnt/mizigo, halafu sudo blkid upate UUID yake, kisha ongeza mstari huu kwenye faili la /etc/fstab:

UUID=namba-yako /mnt/mizigo ntfs-3g defaults,uid=1000,nofail 0 0

Hilo neno nofail usiliache. Bila hilo, siku patisheni ikiwa na tatizo Linux inaweza kugoma kuwaka.

Angalia na majina. Linux inakubali faili liitwe "ripoti 10:30", Windows haitaki nukta mbili wala alama ya kuuliza kwenye jina. Na kwa Linux, Barua.odt na barua.odt ni mafaili mawili tofauti. Programu usiziweke MIZIGO, weka kazi zako tu: nyaraka, picha, muziki, video.

Kuna kizaazaa kingine kitakachokushangaza: saa. Linux inaweka saa ya mashine kwa UTC, Windows inaamini ni saa ya hapa. Dar, Nairobi na Kampala tuko mbele kwa masaa 3, basi ukitoka Linux ukaingia Windows saa nne asubuhi, inakuambia saa moja. Tovuti zingine zinaweza hata kukataa kufunguka kwa sababu hiyo. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, imekwisha.

Na masasisho ya Windows yanaweza kuleta vurugu. Agosti 2024 sasisho moja lilifanya baadhi ya mashine zenye mifumo miwili zigome kuwasha Linux zikiwa na Secure Boot. Mafaili hayakupotea, ila wengine ilibidi wazime Secure Boot kwanza ndipo waingie. Ile flashi ya kuinstolia usiifute, itunze.

Bonasi kwa watu wa kafe: flashi ikipata kile kirusi kinachoficha mafolda na kuacha shotikati, ifungue kwenye Linux. Shotikati za Windows hazina nguvu pale, na mafolda yako mara nyingi utayakuta yanaonekana. Yanakili MIZIGO, fomati flashi, maisha yaendelee.

Mwenye laptopu inayokataa kuwaka kwa flashi aandike modeli yake hapo chini pamoja na RAM, nitajibu nikipata nafasi.