Msitu wa Karura na Haki ya Kutembea

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kidogo habari za historia. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kalamu yangu imezoea majalada kuliko makala. Hata hivyo sikuthubutu kumkatalia. Liko jambo lililotokea sisi tuliomaliza mwaka 2000 tukiwa kidato cha tatu, na wadogo zetu walioko madarasani leo hukanyaga juu yake kila waendapo matembezini Nairobi bila kulijua. Nalo ni habari ya msitu wa Karura.

Msitu huo, wenye hekta zipatazo 1,041, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, zamani za ukoloni. Lakini kutangazwa si kufunguliwa. Wakati wa Hali ya Hatari wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika mapango yake, na hadi leo wageni huonyeshwa mapango hayo. Utotoni mwangu Karura ilisifika kwa majambazi na maiti zilizotupwa. Marehemu mama yangu alikuwa akiingia pembezoni kuokota kuni pamoja na wenzake, wala hakuna aliyethubutu kuingia peke yake. Ati mtu aende huko kupunga upepo! Angedhaniwa ana wazimu.

Basi mwaka 1998 ikafichuka kwamba sehemu za msitu zilikuwa zimekwisha gawiwa watu binafsi, na miti imeanza kung'olewa ili majumba yajengwe. Aliyesimama mbele kupinga alikuwa Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement. Huyu ndiye aliyepinga, mwaka 1989, jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa 1969 na ambamo mtu asiye na nauli ya kwenda mbali aliweza kulala majanini siku ya Jumapili kama mwenye mali. Jumba lile halikujengwa.

Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda Karura kupanda mti, akifuatana na wabunge na watu wengine. Wakavamiwa na kundi la watu waliokodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu wakamiminika barabarani. Sisi bwenini tulisoma habari hizo katika gazeti lililoingizwa kwa siri, kurasa zikipita kitanda hadi kitanda, mpaka mwalimu wa zamu alipolinyang'anya. Nakiri kwamba wengi wetu tulishangilia ghasia zaidi kuliko miti. Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo. Lakini msitu uliookolewa ulibaki mahali pa kuogopwa kwa miaka kumi zaidi. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowaruhusu wenyeji kuunda vyama na kushirikiana na serikali katika kutunza misitu, na mwaka 2009 chama cha Marafiki wa Karura kikaanza kazi pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Wakazungusha uzio wa umeme. Wakati ule, nikiwa ofisa kijana, nilisema waziwazi kwamba uzio ule ni wa matajiri wa Muthaiga na Runda, wapate pa kutembeza mbwa wao.

Nilikosea, ingawa si kwa yote. Vijana wa kijiji cha Huruma, jirani maskini wa Runda, waliajiriwa kulinda msitu, na wanawake wakaruhusiwa kuokota kuni kwa utaratibu. Wanawake wakaanza kukimbia mazoezi humo peke yao bila hofu. Njia zikatengenezwa, zikazidi kilomita 50. Kuanzia 2014 hata mbega wakarudishwa. Mwaka huo niliwapeleka wanangu kwa mara ya kwanza, tukaenda hadi kwenye maporomoko ya maji. Mtu mzima alikuwa akilipa shilingi 100 langoni. Nilizitoa bila kufikiri, kisha njiani nikamkumbuka mama: kwa siku zile za kuni, kiingilio cha familia yetu kingekuwa unga wetu wa siku kadhaa. Sidai lango liwe bure, maana walinzi nao wanakula. Lakini siku moja kwa mwezi bila malipo ingetosha kuanzia.

Tena yuko mwenzetu wa darasa, ambaye tangu apate ajali hutembelea kiti cha magurudumu. Mwaka jana tulikutana Karura, wenzetu wakaenda mapangoni, sisi wawili tukanasa matopeni hatua chache kutoka barabara kuu ya msitu. Akacheka, akaniambia niwafuate. Sikuwafuata. Tulikaa chini ya mti tukila njugu na kuwasengenya walimu wetu wa zamani hadi wenzetu waliporudi.

Kwa hiyo naiomba kamati ya mkutano wetu ujao: matembezi yawe Februari, wakati wa ukavu, na yafuate barabara ile pana. Mapango yatatungoja.