Isa katika tafsiri tatu za Kiswahili

Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili iliandikwa na padri. Canon Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA iliyojenga kanisa pale Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, aliitoa mwaka 1923. Alikwisha kuandika kitabu kuhusu ikhtilafu za Uislamu na Ukristo, na tafsiri hii nayo aliisindikiza na maelezo yake.

Masheikh hawakupendezwa, na haki yao. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutafsiri mwenyewe, lakini alifariki mwaka 1947 kazi haijakwisha. Waliotangulia kumaliza ni Waahmadiyya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian: Kurani Tukufu ya Sheikh Mubarak Ahmad ilitoka mwaka 1953, akisaidiwa na Kaluta Amri Abedi, yule malenga aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam. Hapo ugomvi ukawa wa pande tatu, na kiini chake kikawa Nabii Isa.

Kwamba alizaliwa na Mariamu asiyeguswa na mwanamume, wote wanakubali. Wanachogombania ni mwisho wake. Kwa Dale, Yesu ni Mwana wa Mungu. Alisulubiwa, akafa, akafufuka siku ya tatu. Kwa Waislamu walio wengi, Isa ni mtume. Hakuuawa wala hakusulubiwa, bali Mungu alimpaisha, naye atarudi. Waahmadiyya wanasema alitundikwa kweli, akateremshwa yu hai, akaenda hadi Kashmir akafia huko uzeeni. Kaburi wanalionyesha mjini Srinagar. Masihi aliyeahidiwa, kwao, ameshakuja: ndiye huyo Mirza Ghulam Ahmad, aliyefariki mwaka 1908.

Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja hakunyamaza. Aliandika kijitabu cha kuwapinga Waahmadiyya, kisha akatoa Qurani Takatifu, iliyokamilika mwaka 1969 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Mimi nawashukuru wote watatu kwa ukali wao. Wangeoneana haya, tungebaki na ule usemi mtamu kwamba dini zote ni moja, usiotufundisha lolote. Anayetaka kuuona ubishi wenyewe azitafute tafsiri zote tatu, afungue sura ya nne, aya ya 157. Kwa Waahmadiyya aitazame ya 158, maana wao huihesabu Bismillahi kuwa aya.