Kiberiti na Mpira: Habari ya Matairi ya Arusha

Sokoni Arusha utaona viatu viitwavyo katambuga, vilivyokatwa kwa kisu katika matairi makuukuu. Je, umepata kujiuliza kwa nini fundi hulikata tairi, wala haliyeyushi motoni kama nta ili alimimine upya? Jibu lake lina historia ndefu.

Utomvu wa mti wa mpira hufanana na maziwa. Ndani yake huelea vitone vya mviringo, vidogo hata macho hayavioni. Ukitia siki, vitone hushikamana vikawa donge. Lakini donge hilo hulainika na kunata katika joto, na katika baridi hukakamaa.

Mwaka 1839, huko Marekani, Charles Goodyear aliona ya kuwa mpira uliochanganywa na kiberiti, yaani salfa, ukipashwa moto mkali haunati tena wala hauyeyuki. Sababu hakuijua, naye akafa mwaka 1860 akiwa na madeni. Mwaka 1920 Hermann Staudinger, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza ya kuwa mpira umefanyizwa kwa minyororo mirefu ya chembe. Ndipo wataalamu walipofahamu kazi ya salfa: huifunga minyororo hiyo mmoja kwa mwingine, kama mafundo ya wavu. Mpira ukivutwa hutanuka, ukiachwa hurudi, kwa kuwa mafundo hayaruhusu minyororo kuteleza.

Katika nchi yetu Wadachi walipanda mipira upande wa Tanga na Usambara. Mwaka 1913 bei ilianguka, kwa sababu mpira wa mashamba ya Malaya ulikuwa umejaa sokoni. Mashamba mengi yakaachwa.

Baadaye kazi ya kuufunga mpira kwa salfa ilifika kwetu. Kiwanda cha General Tyre kiliundwa mwaka 1969, nacho kikaanza kutoa matairi mwaka 1971, kusini mwa mji wa Arusha, si mbali na Lemara. Mwaka 2009 mashine zake zilinyamaza kwa kukosa fedha za kuziendesha.

Basi, uvaapo katambuga, kumbuka neno hili: fundo lililoupa mpira nguvu ndilo liuzuialo kurudi utomvu, kwa hiyo fundi hana budi kushika kisu. Kiwanda nacho kilikuwa na fundo lake, ndiyo mtaji. Lilipolegea, kazi ya miaka mingi ikafumuka.