Nkoaranga na Mlima Uliozungukwa na Mashamba

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, vijana wa rika la Talala, Waarusha kwa Wameru, walivamia kambi ndogo iliyokuwa imepigwa Akeri, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru. Waliokuwemo ni Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Misioni ya Leipzig waliotokea Kilimanjaro, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Wamisionari wote wawili waliuawa, na baadhi ya Wachaga nao hawakupona. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha jeshi la Wajerumani Moshi, alikuwa amepiga kambi si mbali na hapo.

Kanisa limewahesabu Ovir na Segebrock kuwa mashahidi wa imani, na sina ugomvi na hilo. Ila huyo kapteni ndiye mwenye ufunguo wa kisa kizima. Kijana wa Talala aliwaona wageni wawili wenye Biblia na mgeni wa tatu mwenye askari na bunduki wakiingia kwao katika majira yale yale, kwa njia ile ile ya Moshi. Angewatenganishaje?

Johannes alirudi kabla mwaka haujaisha, safari hii akiwa na askari wake na umati wa wapiganaji wa Kichaga. Migomba ilifyekwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Kilimanjaro. Anayejua maisha ya mlimani ataelewa uzito wa kufyeka migomba: ndiyo chakula, ndiyo pombe, ndiyo malisho ya ng'ombe wa zizini, na ndiyo alama kwamba ukoo fulani umekaa hapo tangu babu. Tarehe 2 Machi 1900 wakuu 19 walinyongwa Moshi, Mangi Meli akiwa mmoja wao, na katika hao walikuwemo pia viongozi wa Waarusha na Wameru. Mwaka huo huo boma la Arusha lilisimama, lililojengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Leo boma hilo ni makumbusho, na watalii hupiga picha kwenye kuta zake nyeupe.

Nkoaranga inaingia hapa. Mwaka 1902, miaka 6 tu baada ya Akeri, watu wa Leipzig walirudi, na Arno Krause akafungua kituo cha misioni Nkoaranga, juu ya barabara ya sasa ya Arusha na Moshi. Miaka miwili baadaye walifungua kingine Ilboru, kwa Waarusha. Wameru hawakuwa na nguvu ya kukataa, lakini haikuchukua muda wakaanza kupima ni nini kinachoweza kupatikana. Palikuwa na shule, dawa, na miche ya kahawa iliyopandwa katikati ya migomba bila kuing'oa. Waingereza walipouteka mji wa Arusha mwaka 1916 na baadaye kuwafukuza wamisionari wa Kijerumani, walimu na wazee wa kanisa wa hapo hapo ndio walioshika kazi hadi Walutheri wa Marekani wa Augustana walipofika. Hospitali ya Nkoaranga, ambamo watu wengi wa Arumeru wamezaliwa au kulazwa, ni tawi la historia hiyo.

Lakini huko chini palikuwa panatokea jambo zito zaidi. Serikali ya Wajerumani ilikuwa inagawa ardhi kwa walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walipewa maeneo ya kaskazini mwa mlima baada ya vita vyao na Waingereza. Wajerumani nao walishika ukanda wa Usa. Margarete Trappe na mumewe walifika Momella mwaka 1907. Mwisho wake mlima ukawa kisiwa: juu msitu wa serikali, chini mashamba ya wazungu, katikati Wameru na migomba yao. Mbuga walizolishia mifugo zilikuwa upande wa pili wa mashamba hayo, na ng'ombe aliyekatisha shamba la mzungu alikuwa na kesi. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Kupanda juu zaidi kulikatazwa na kushuka chini kulikuwa kuvamia mali ya mtu.

Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika haikuibomoa pete hiyo ya mashamba; ilibadilisha majina tu ya baadhi ya wamiliki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti yake ilitambua kwamba Wameru wamebanwa. Hata hivyo ilitaka pia ukanda wa Sanya, kati ya Meru na Kilimanjaro, uwe wa wazungu pekee, wafuge ng'ombe kisasa bila Mwafrika kuwakatiza. Hivyo Wameru waliokuwa Ngarenanyuki, kwenye mashamba namba 31 na 328, walitakiwa wahamie King'ori, mahali pa joto na malaria ambapo mtu wa milimani hapapendi kwa ng'ombe wake wala kwa watoto wake.

Walikataa, na hawakukataa kwa mikuki. Tarehe 17 Novemba 1951 polisi walianza kuwaondoa. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakapoteza makazi yao. Karibu hakuna aliyekaa King'ori. Wengi walipanda mlimani kwa ndugu na kubanana kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, ambavyo tayari vilikuwa vidogo. Mangi Sante wa Wameru, aliyeonekana kuwa upande wa serikali, alipoteza heshima mbele ya watu wake na baadaye kiti chake.

Tanganyika ilikuwa na mlango mmoja ambao Kenya haikuwa nao. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mwananchi wake aliweza kupeleka malalamiko New York. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, kwa msaada wa wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akafika mbele ya Baraza la Udhamini: Mtanganyika wa kwanza kusimama pale na kueleza shida ya watu wake kwa mdomo wake mwenyewe. Seaton alikuwa mtu mweusi mzaliwa wa visiwa vya Bermuda, vilivyokuwa chini ya Waingereza tangu karne ya 17, kwa hiyo hakuhitaji kueleweshwa sana ukoloni ni kitu gani. Baadaye alikuwa jaji Tanzania.

Kesi ilishindwa. Tuseme hivyo bila kupamba. Suala lilipofika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kamati yake iliwaunga mkono Wameru, lakini katika kikao cha Baraza Kuu lenyewe, Desemba 1952, azimio halikupata theluthi mbili ya kura. Walowezi walibaki Ngarenanyuki. Miezi hiyo hiyo Kenya ilikuwa imeingia kwenye hali ya hatari kwa sababu ya ardhi ya namna ile ile, ya vilima vyenye rutuba.

Hata hivyo Kirilo alirudi na kitu ambacho Gavana Twining hakukipenda. Alizunguka Tanganyika akieleza alichokiona: kwamba Uingereza inaweza kuulizwa maswali hadharani na ikalazimika kujibu. TANU ilizaliwa Julai 1954, na Machi 1955 Nyerere alisimama katika Baraza lile lile la Udhamini. Njia ilikuwa imeshafyekwa na wakulima wa kahawa. Naona vitabu vya shule vinaipa safari ya 1952 aya moja pale inapostahili sura nzima.

Baada ya Uhuru Wameru walirudi Ngarenanyuki. Leo ni kata ya Wilaya ya Meru, maarufu kwa nyanya zinazomwagiliwa kwa maji ya mto, na kwa floridi ya maji hayo hayo inayowapaka watoto meno rangi ya kahawia. Momella imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukanda wa Usa River bado una mashamba makubwa. Mengine yana kahawa, mengine maua ya kupelekwa Ulaya. Juu yake, Nkoaranga, kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na kijana anayetaka ardhi ya kujenga huangalia kwanza bei ya kiwanja Arusha mjini.