Vipuri vya Kubuni: Ufundi wa Pikipiki Mafiga katika Miaka ya Dhiki

Mwenye kuandika historia ya mji wa Morogoro aghalabu huanza na reli iliyofika hapo mwaka 1907, akapitia mashamba ya katani, kisha akamalizia na viwanda vilivyojengwa baada ya uhuru. Wala simlaumu, maana hayo ndiyo mambo makubwa. Lakini ipo elimu nyingine iliyokulia uani, chini ya miembe na mabanda ya mabati, katika mitaa kama ile ya Mafiga, nayo ni elimu ya kuipandisha pikipiki mlimani ilhali kipuri chake kidogo kimepotea na dukani hakipatikani kwa hali wala mali. Na elimu hiyo nayo yastahiki kuandikwa, kabla wenye nayo hawajatutoka.

Pikipiki za Kijapani, Honda, Yamaha na Suzuki, zilienea vijijini mikononi mwa mabwana shamba, mapadri na waganga, watu ambao kazi zao ziliwapeleka Mgeta na Matombo kwa njia za milima ya Uluguru zenye mawe na miteremko mikali, ambako mtikisiko huilegeza nati na kuidondosha bila ya mwenyewe kutambua. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaanza Oktoba 1978, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda tena duniani, hata fedha za kigeni zikaadimika mno. Na nchi inayohangaikia petroli na dawa haina nafasi ya kuagiza kijipini cha cheni. Hadi serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, fundi alikuwa na macho yake, tupa yake, na takataka za mji.

Akavitumia vyote. Gasketi ya kifuniko cha injini aliikata kwa karatasi ngumu ya boksi, akiilaza juu ya chuma na kuigongagonga kwa nyundo mpaka kingo zenyewe zikaikata kwa umbo lake, kisha akaipaka oili. Tangi lililotoboka alilisugua kwa kipande cha sabuni, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni, na msafiri akafika kwake salama. Soli ya kandambili ilitoa bushi na washa. Na senti kumi za zamani za Afrika Mashariki, ambazo zilitengenezwa zikiwa na tundu katikati, zilikuwa washa tayari kwa mwenye kuzihifadhi. Waya wa klachi ukikatika kichwa, fundi alizichanua kwanza nyuzi zake ndipo akamimina risasi iliyoyeyushwa, maana risasi ikishika nyuzi zilizofumbatana huchomoka kwa mvuto wa kwanza.

Katika yote hayo hakuna linalonistaajabisha kama kipimo cha platini, ile swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche. Mwanya wake katika Honda nyingi za zamani ni baina ya milimita 0.3 na 0.4, na chombo maalumu cha kuupima hakikuwako; lakini wembe wa kunyolea una unene wa milimita 0.1 hivi, basi nyembe tatu au nne zilizobanwa pamoja zilitoa kipimo kilekile cha kiwandani, na injini ikawaka. Asemaye kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kubahatisha hajaitazama kwa insafu.

Ustadi huo ulikuwa na mipaka, na fundi mwaminifu aliijua. Karatasi haikufaa kichwani mwa silinda, penye moto na shindikizo. Karatasi ya fedha ya sigara iliyowekwa mahali pa fyuzi iliwasha taa usiku huo, lakini iliweza kuunguza nyaya zote. Ama breki, hiyo haikubuniwa kamwe: aliyetaka kuteremka Uluguru kwa breki ya kuunga alirudishwa nyumbani kwa miguu.

Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, yenye injini iliyokusudiwa kustahimili nchi zenye matengenezo haba, na Wachina wakaiiga kwa wingi. Hivyo pikipiki za bodaboda zilipofurika nchini katika miaka ya 2000, vipuri vyake vikauzwa kwa bei ya kuvumilika karibu kila mtaa, na fundi kijana akajifunza kubadilisha kuliko kutengeneza. Sioni ubaya wa hilo. Dhiki si jambo la kutamaniwa. Hata hivyo zimebaki Yamaha na Suzuki za kuchanganya oili na petroli ambazo kampuni zake hazitoi tena vipuri, na kwa hizo hukerezwa bushi za chuma chakavu au hutiwa tupa kipuri cha Kichina mpaka kikae. Natamani chuo cha ufundi cha VETA kilichoko Kihonda, mjini humohumo, kiwaite mafundi wazee waje mbele ya wanafunzi na nyembe zao nne, na kila walifanyalo liandikwe, na picha zake zichorwe, pamoja na yale waliyokataa kuyafanya na sababu zake.