Bunduki ya Vipande na Mitutu ya Kubadilishana: Manufaa na Gharama Zake Katika Mwambao wa Ghuba ya Speke

Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, iko kando ya Ghuba ya Speke. Mwambao wa ghuba hiyo ulishuhudia mapema faida ya chombo kinachofunguliwa vipande. Msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Bagamoyo Novemba 1874, uliwasili Kagehyi, upande wa kusini wa ghuba, tarehe 27 Februari 1875. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa na wapagazi kwa vipande, ikaunganishwa hapo na kushushwa ziwani. Bunduki za msafara huo zilitembea nzima.

Tofauti hiyo inaeleza mengi. Mzigo wa mpagazi ulikaribia kilo 30, ilhali bunduki ya kawaida ya kuwindia ina kilo 4 au 5. Kuifungua hakukumpunguzia mpagazi chochote. Aliyenufaika ni msafiri wa meli na reli, aliyetaka silaha ienee katika sanduku fupi. Ndiyo maana Winchester wa Marekani waliuza bunduki za kufunguka kwa bei ya juu kuliko zile zisizofunguka, na mafundi wa London wakafanya vivyo hivyo kwa Mauser ya 1898. Udhaifu wake ulikuwa kwenye kiungo: hesi zikilika, mtutu hulegea, na risasi hukosa shabaha.

Kampuni ya Blaser ya Ujerumani ilipotoa R93 mwaka 1993, mtutu ulikazwa kwa skrubu mbili na darubini ikafungwa juu ya mtutu wenyewe. Kiungo kikawa imara. Hesabu ya fedha, hata hivyo, haikuwa nyepesi kama inavyodhaniwa. Mwindaji anayetaka mtutu wa swala na mwingine wa kaliba .375 kwa ajili ya nyati hununua mtutu wa pili, mara nyingi darubini ya pili, na pengine kichwa kingine cha komeo. Jumla hiyo huweza kupita bei ya bunduki mbili za kawaida. Kisheria pia mtutu wa ziada si kipuri cha kawaida: Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto inauhesabu miongoni mwa sehemu zinazodhibitiwa.

Kwa mwindaji mwenyeji uchaguzi huo haukuwahi kuwapo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha zenye mifuo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Gobore lililoendelea kutumika vijijini lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, zao la sheria. Kuliita dalili ya uduni wa ufundi wa Wasukuma ni kusahau mkataba huo.

Leo bunduki ya vipande humfaa mgeni anayeshuka kwenye ndege kuelekea vitalu vya Maswa. Askari wa wanyamapori anayeitwa usiku kwa sababu tembo wameingia mashambani karibu na Lamadi hana muda wa kuchagua mtutu. Anahitaji bunduki moja, nzima, ya kaliba kubwa, ambayo risasi zake zinapatikana na ambayo fundi wa Mwanza anaweza kuitengeneza.